Tumbo Langu na Mizani ya Magunia

Mara ya kwanza kupimwa uzito nikiwa mtu mzima, nilipandishwa juu ya mizani ya magunia ya maharage. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika parking yetu ya malori hapa Butembo, mbele ya madereva wenzangu, mama wauza viazi na abiria waliokuwa wakingoja kupanda. Président wa chama chetu cha wenye malori alisoma kilo zangu kwa sauti ileile anayotumia kutangaza gari linaloondoka. Karani akaziandika kwa chaki kwenye ubao, chini ya jina langu. Kwenye mkono wa ile mizani walikuwa wamepaka alama nyekundu, na mimi nilikuwa nimeivuka kwa mbali. Parking nzima ilicheka. Hata kuku wa abiria mmoja nilimwona kama ananicheka.

"Remoki, bon," Président akasema. "Kila lundi ya kwanza ya mwezi unapanda hapa. Kilo zishuke. Siku zinakataa kushuka, unaweka clé ya camion mu mukono yangu, unakuwa garé."

Lundi ni Jumatatu, clé ya camion ni ufunguo wa lori, na gari likiwa garé maana yake limeegeshwa, haliendi popote. Sikuwahi kusikia neno hilo likitumiwa kwa mtu.

Jina langu ni Hamisi Paluku. Remoki ni jina la parking: kwa malori, remoki, yaani tela, inafuata nyuma, yangu ilikuwa inatangulia mbele. Nimeendesha kati ya Butembo na Beni miaka ishirini na kitu, viazi na maharage ya Lubero nikienda, kakao ya Mangina nikirudi. Naandika haya kwa sababu dereva mmoja wa Kasugho, aliyesikia habari zangu, alinipigia simu kuuliza kama ni kweli mtu anaweza kuwa na sukari na bado akashika usukani. Nilimjibu, lakini baada ya kukata simu nikaona nimemwambia nusu tu. Mambo ya dawa amuulize muuguzi wake. Mimi nitasema ya benchi, ya sahani, ya mke wangu, na ya upumbavu wangu mwenyewe, ambao ulikuwa mwingi.

Kwanza mjue kwamba tumbo lile sikuwa nalionea aibu. Siku nilipokwenda kuposa, baba yake Zaina alinigonga tumboni kwa vidole akasema huyu hawezi kumlaza mtoto wangu na njaa. Lilikuwa dogo wakati huo. Katika mji wetu wa biashara, mtu aliyenenepa ameshajieleza, hana haja ya kuongea mengi. Aliyekonda ndiye anayeulizwa maswali.

Yaliyobadilisha mambo ni kifo cha mzee Mbusa, dereva mnene kuliko sisi sote. Alifia kwenye usukani, akipanda mlima kwenda Lubero. Lori lilirudi nyuma peke yake mpaka likaegemea ukingo, na mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia akavunjika mikono yote miwili. Baada ya matanga Président akatoa sheria zake. Kupimwa kila mwezi, kilo kusomwa kwa sauti ili mtu aone haya, na Mama Kahindo kuondolewa ndani ya parking. Mama Kahindo ndiye aliyekuwa akitupikia: nyama ya mbuzi yenye mafuta yake, mikate ya kukaanga, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Alibebeshwa sufuria zake akavuka barabara. Kesho yake madereva nao wakavuka barabara, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku ile ya mizani sikunyamaza. Nilishuka nikasema ili kila mtu asikie:

"Président, camion ni ya patron, barabara ni ya État, mais tumbo ni yangu mwenyewe!"

Lori la tajiri, barabara ya Serikali, tumbo langu: watu wakapiga makofi. Président akangoja makofi yaishe.

"Mbusa naye alikuwaka anasema vile," akajibu.

Pembeni ya ubao alikuwa amesimama muuguzi kijana aitwaye Kavira, aliyeletwa kupima presha na kuchoma vidole. Alinichoma, akaangalia kile kimashine chake, akaniita kando na kusema kwa sauti ya chini: "Papa, sukari yako iko yulu sana. Ukuye kesho ku kituo cha afya. Ni kwa faida yako."

Hapo ndipo nilipozidi kukasirika, na yeye hakujua kwa nini. Mwaka ule wa Ebola mama yangu alifia Beni, nyumbani kwa dada yangu. Alikuwa na presha na sukari, na miguu yake ilikuwa imevimba miezi mingi. Lakini mwaka ule maiti zote zilikuwa mikononi mwa timu za mazishi. Walikuja na mavazi meupe, wakapuliza dawa nyumba nzima, wakamtia mama kwenye mfuko. Tuliomba dada zangu wamwoshe kama dini yetu inavyotaka. Tukaambiwa haiwezekani, ni kwa faida yetu. Nilisimama nyuma ya kamba nikasoma dua kwa kupaza sauti ili imfikie. Majibu ya kipimo yalikuja baada ya mazishi: hakuwa na Ebola. Najua walikuwa na sababu zao. Majirani zetu wawili walikwisha kufa kwa ugonjwa ule, na wangeweza kufa wengine. Najua, lakini iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Tangu siku ile, mtu akitaja faida yangu, mimi nageuka nyuma kutafuta kamba.

Kituoni nilikwenda hata hivyo, kwa sababu ya Zaina. Alikuwa ameona mambo ambayo nilidhani ninayaficha. Nilikuwa nakunywa maji kama naoshea lori. Nilikuwa nasimamisha gari kila baada ya vilima viwili kwenda vichakani, mpaka abiria wakaanza kunitania. Na siku moja niliingia nyumbani na kandambili moja tu. Ile ya pili ilikuwa imetoka mguuni huko njiani na mimi sikuhisi chochote. Zaina aliuangalia ule mguu, akaniangalia usoni.

"Baba Zuhura, utaenda kwa muganga wa kizungu, ao niende kwa imam baanze kusoma dua ya maiti sasa hivi?"

Benchi la kituo cha afya limelainishwa na makalio ya watu wengi kabla yangu. Nilichukua nafasi ya wawili. Mama mmoja mjamzito alisimama anipishe, akidhani mimi ni mkubwa fulani, nikaona haya nikasimama na mimi, tukabaki tumesimama wote wawili na benchi likiwa wazi. Nilikaa pale kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Ukiwa mgonjwa wa sukari utayajua mabenchi hayo, kwa hiyo beba maji na subira, na usione aibu kumwambia jirani yako kilichokuleta. Mimi sikumwambia mtu, nikabaki nasoma bango moja la chanjo mpaka nikalijua kwa moyo.

Kavira alinipa vidonge. Alinieleza mara tatu: "Hii dawa unameza na chakula. Hapana kumeza na tumbo wazi, Papa. Unasikia?"

Nilisikia. Tatizo halikuwa masikio.

Nyumbani pakageuka kizuizi cha barabarani. Zaina alianza kunipimia bugali kwa kikombe cha kahawa. Sukari akaificha, mafuta akayafungia kabatini pamoja na nguo za Idi. Alikuwa akiwapigia simu madereva wenzangu kuuliza kama nimevuka barabara kwenda kwa Mama Kahindo, nao, kwa kunipenda, walikuwa wanamdanganya. Siku alipojua, tuligombana mbele ya watoto.

"Mi haiko mutoto yako!" nikamwambia.

"Mutoto anasikiaka," akajibu.

Siku mbili hatukuongea. Nilikula nje, nikala zaidi kuliko njaa yangu, ili nimuoneshe nani mwenye tumbo. Naandika hili nikiwa na aibu. Kama uko katika vita hiyo nyumbani kwako sasa, ujue kwamba hata mimi nilipokuwa nashinda, ni mimi niliyekuwa naumia.

Sasa nije kwenye upumbavu wenyewe. Dereva yeyote wa mizigo anajua namna ya kupita mizani ya barabarani. Ukiwa umezidisha, unasimama kabla ya kufika, unashusha magunia kadhaa, unayapa pikipiki ziyapitishe kwa njia ya nyuma. Wewe unapita kwenye mizani na uso wa mtu mwema. Mbele kidogo pikipiki zinakungoja, unapakia tena, safari inaendelea. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Basi nikajiuliza: kama camion inapita, mimi nishindwe?

Nikaanza kujishusha mwenyewe. Kuanzia Ijumaa kabla ya Jumatatu ya kupimwa, sikuweka kitu mdomoni isipokuwa maji kidogo, na Jumapili hata maji niliacha. Nilinunua dukani vidonge vya kukojoza, bila kumuuliza mtu. Nilivaa sweta mbili za mke wangu za baridi ya Lubero, nikafunga vioo vya lori nikakaa ndani juani nikitoka jasho. Jumatatu nikapanda mizani, kilo zimeshuka. Nikitoka hapo nilivuka barabara moja kwa moja hadi kwa Mama Kahindo, nikapakia tena.

Mwezi wa kwanza ilikuwa rahisi. Mwezi wa pili ilibidi nishuke chini ya pale nilipodanganya mwezi wa kwanza, kwa hiyo nilianza Alhamisi. Wa tatu ukaangukia Ramadhani, na mimi nikafunga mwezi mzima bila kumwambia Kavira wala imam, wakati imam angeniambia mgonjwa ameruhusiwa kula. Mchana nilikuwa mtakatifu, na baada ya futari hamngenitambua. Ikaja Idi, nikala siku tatu mfululizo, halafu nikakumbuka kwamba Jumatatu imekaribia, nikarudia yote: njaa, sweta na vidonge vya kukojoza.

Jumatatu ile nilipima vizuri kuliko miezi yote. Président alinipa mkono mbele ya watu. "Muangalie Remoki!" akapiga kelele. "Mutu akitaka, anaweza!" Wakanipigia makofi ya kweli, na karani akapigia mstari jina langu ubaoni. Miguu ilikuwa inatetemeka ndani ya suruali. Na kwa kuwa nilijua Kavira atanichoma kidole nikirudi, na nilitaka hata sukari yangu ipate makofi, nilimeza vidonge vyake viwili badala ya kimoja, tumbo likiwa tupu kama ngoma. Kisha nikawasha lori kwenda Beni, viazi ndani na abiria juu ya viazi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia wakati anapanda: "Chauffeur, hapana kukimbiza, niko na mutoto."

Tulipopita Maboya jasho likaanza kunitoka, jasho la baridi. Mikono ikawa inashika usukani lakini siihisi. Kisha barabara ikawa mbili. Nilichagua moja. Sijui ni nini kilichobaki na akili ndani yangu, labda ni mguu tu wa miaka ishirini, lakini nilisimamisha, nikavuta breki ya mkono, nikatia gia, nikafungua mlango, nikasema "Mushuke." Hapo nikaanguka chini.

Yaliyofuata nilisimuliwa, ingawa sauti nilikuwa nazisikia. Abiria walishuka wakasimama mbali, kama tulivyofundishwa sote miaka ile. Mwanamume mmoja akapiga kelele: "Hapana kumugusa! Anatoka jasho, hapana kumugusa!" Wakasimama kwa duara, na mimi katikati. Nilifikiri juu ya mama. Nilifikiri, na mimi nitaishia nyuma ya kamba.

Ndipo nikamsikia Mama Kahindo. Tangu afukuzwe parking, siku nyingine alikuwa akipanda malori na kikapu cha mikate na thermos ya chai, akiuza njiani. Alikuwa juu ya viazi vyangu. Alishuka na kikapu chake, akawasukuma watu.

"Ebola ya wapi?" akasema. "Huyu mi namujua! Huyu iko na njaa!"

Alikaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa changu kwenye paja lake, akaanza kunitia chai mdomoni, kidogo kidogo, kwa kifuniko cha thermos. Ile chai iliyopigwa marufuku. Alijua kazi hiyo kwa sababu mama yake alikuwa na sukari na aliwahi kumwangukia hivyo jikoni. Baada ya muda nikaanza kuona vizuri. Kitu cha kwanza nilichokiona ni yule mama mwenye mtoto, ameketi kwenye jiwe, amemgeuza mtoto kutoka mgongoni akamkumbatia kifuani, anamtazama tu. Mbele ya lori, hatua zisizofika hamsini, mteremko ulikuwa unaanza.

Sikulia siku ya mama yangu. Pale nililia.

Walinipeleka hospitali ya Beni kwa pikipiki, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma kunishikilia, kazi ambayo sitaki kuifikiria kwa upande wao. Daktari aliyenipokea alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa na Serikali kufanya kazi huku, mpole, mwenye miwani. Aliniuliza nimekula lini mara ya mwisho. Nilitaka kudanganya, nikakumbuka yule mama kwenye jiwe, nikamweleza yote: mizani ya barabarani, pikipiki, sweta, vidonge. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha hakucheka tena.

"Papa, bascule, ile mizani, unaweza kuidanganya," akasema. "Mais ressort ya camion, ile springi ya chini, utaidanganya namna gani? Figo yako imeanza kuchoka. Ingekuwa mwezi ingine moja ya vile, tungekuwa tunaongea na muke yako."

Nililala pale siku kumi na moja. Mvua zilikuwa zimeanza, bati la wodi lilipiga kelele kila alasiri hivi kwamba hakuna aliyeweza kuongea. Zaina alifika siku ya pili na mkeka wake. Alinikuta nimesinyaa usoni, ngozi ya mikono imelegea. Nilingoja anigombeze. Alikaa chini akashika mguu wangu, ule wa kandambili, akaukanda.

"Nilikuwa nakupimia sahani kila siku," akasema. "Siku moja sikukuuliza unasikia namna gani mu roho yako."

"Na mi niliona we ni douanier," nikamwambia, mtu wa forodha anayepekua mizigo.

Akacheka akilia. Usimdharau mtu anayekaa mkekani kando ya kitanda chako. Mengine yote ya hospitali nimeanza kuyasahau, hilo sijalisahau.

Jumapili Kavira alikuja kutoka Butembo, siku yake ya kupumzika, kwa lori la mwenzangu. Alisimama mwisho wa kitanda na mfuko wa machungwa, hajui kama atafukuzwa. Nikamwambia akae. Nikamweleza ya mama yangu, kwa nini neno lake lile lilinichoma kuliko sindano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, mi ni wa Mangina," akasema. "Baba yangu naye, hatukumuosha."

Akaweka machungwa kando ya kitanda. Kisha akasema: "Mi nilikosa. Nilisimama pembeni ya ule ubao, bakasoma kilo za bantu kama za magunia, nikanyamaza. Nilijua haiko muzuri. Nikasema mu roho, bon, labda itabasaidia."

"Ile ya kidole hukukosa," nikamwambia. "Bale bantu yulu ya viazi haiko bangu. Mutoto wa ule mama haiko wangu. Kabla ya kushika volant ya camion, unichome kidole, na kama sukari iko mubaya, unikatalie. Hapo mi nakubali. Mais kilo zangu si za parking."

"Basi useme vile kwa Président," Kavira akasema. "Mi nitasimama na we."

Nilipotoka hospitali, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpelekea Président ufunguo wa lori mimi mwenyewe. Alishangaa, kwa sababu ubaoni bado nilikuwa nimepigiwa mstari wa sifa. Nikamwambia nilivyomdanganya miezi mitatu, yeye na mizani yake, na kwamba sheria yake ndiyo iliyonifundisha kuficha ugonjwa. Nilidhani atapandisha sauti. Alikaa kwenye gunia akashika kichwa.

"Mbusa alikuwa muramu yangu," akasema. "Mi njo nilimufunga macho pale ku volant. Nilisema, hapana mwingine tena. Nilitaka tu… hapana mwingine."

Kumbe marehemu alikuwa shemeji yake, na sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba yule mwenye sauti kubwa alikuwa anaogopa. Niliketi kwenye gunia la pembeni. Tukaongea pale mpaka mchana, na Kavira akaja kama alivyoahidi. Président alitetea sheria yake kipande kwa kipande.

"Na kama mutu anapenda kujiua na mafuta? Nimuangalie tu?"

"Umuambie," nikasema. "Kesho umuambie tena. Umupeleke kwa Kavira kama anakubali. Kisha umuache. Mais kama kidole inasema hapana, clé hapana kumupa, hata akuwe mi, hata akuwe mwembamba sawa fimbo."

Hilo la mwembamba lilimshika. Ilibainika Kavira alikuwa na madereva wawili wembamba wenye presha mbaya kuliko yangu, waliokuwa wakipigiwa makofi kila Jumatatu.

Nilikaa bila kuendesha msimu mzima wa mvua mpaka ukavu ulipoingia. Nilikuwa natembea kila asubuhi, na vilima vya Butembo havina huruma na mtu aliyezoea kuvipanda kwa lori. Nilianza kwa kufika msikitini tu. Baadaye nikafika sokoni, kisha nikarudi kwa kupitia kilima cha nyuma. Suruali zikaanza kunitoka, Zaina akanitobolea mkanda matundu mapya. Na majirani wakaanza kuja. Kwetu mtu aliyepungua amerogwa, amelishwa sumu, au ana ule ugonjwa usiotajwa. Mzee mmoja aliniletea kuku na kuniuliza polepole ni nani ninayemshuku. Mwingine alishika mkono wa Zaina kumpa pole, nami nimesimama pale pale. Kama unapungua kwa sababu umeamua, jitayarishe kwa rambirambi.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa natawadha msikitini. Nilimimina maji kwenye mguu wa kulia, nikasikia baridi kwenye vidole. Nilidhani nimekosea. Nikamimina tena. Baridi, kwenye kidole kikubwa na kile cha pili yake. Nilibaki pale namimina maji mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama naoga. Vile vidole vingine bado vimelala mpaka leo, lakini hivyo viwili vimerudi, na mimi navihesabu kama watu wa nyumbani.

Jumatatu niliyorudi kazini, mizani ya magunia ilikuwa imerudishwa kwa maharage. Kwenye kona ya parking walikuwa wametundika turubai la lori kama pazia, na nyuma yake Kavira na mizani ndogo ya kituo cha afya. Ubao ulikuwa na majina ya magari tu. Mama Kahindo alikuwa ndani ya parking tena, na mikate yake, na mbuzi wake, na sufuria nyingine ndogo ya maharage yasiyo na mafuta kwa anayetaka. Aliponiona akapiga kelele: "Huyu njo alikuwa anakufa na njaa!" Hilo nitalisikia mpaka nizikwe.

Kidole kwanza, na kidole kikasema ndiyo. Nikupime na uzito, Kavira akauliza, ama niache? Alikuwa ananiuliza kweli. Nikasema pima. Akaandika kilo kwa kalamu ya bic kwenye kiganja changu, akakifunga kwa mikono yake miwili.

Nilipotoka nyuma ya turubai, madereva wote walikuwa wamejipanga.

"Remoki! Kilo ngapi?"

Hata Président alikuwa amenyoosha shingo. Nikainua ngumi yangu iliyofungwa wakaiona, nikachukua ufunguo kwa mkono mwingine. Wakacheka, wakanizomea, wakaniita mchoyo. Nilikwenda Beni na kurudi na kiganja kile juu ya usukani.

Na wewe unayesoma, kama umefika hapa ukingoja niandike kilo hizo, utanisamehe. Zangu zilikwisha kusomwa kwa sauti vya kutosha.

Nyumbani Zaina alikuwa anaivisha bugali. Nilifungua kiganja, jasho lilikuwa limefuta nusu ya tarakimu, nikamwambia sikioni. Akarudi nyuma kuniangalia, kutoka juu mpaka chini, akacheka kile kicheko cha zamani.

"Basi kuya tukule," akasema.

Akaweka sufuria katikati ya mkeka. Kile kikombe cha kahawa sikukiona. Alikaa, akakunja miguu, akanipa mwiko nijipakulie mwenyewe.